Mizani ya Pongwe

Bi Mwantumu Singano alitaka safu moja tu:
unyevu wa singa, kando ya uzito wa robota.
Safu moja. Nikamwambia kesho, saa nne.

Nikaketi barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
juu ya duka la vitenge, feni ikinung'unika,
na kompyuta yangu mpya, nyembamba kama kisahani,
ikanijengea programu kabla chai haijapoa.
Ikafunguka. Ikajumlisha. Nikaitia kwenye flashi,
nikaifunga kitambaani kama dawa.

Pongwe, chumba cha mizani.
Vumbi la mkonge limelala juu ya kila kitu
na ile kompyuta ya kijivu, ubavu wazi
ili ipumue,
imeshikana na mizani kwa waya wa pini tisa
ambao hakuna duka Tanga linalouuza tena.
Nikachomeka. Nikabofya.
Ikanijibu kwa sentensi moja:
neno hili silijui.

Neno gani? Nakili.
Hilo tu. Nakili, la kutwaa kitu hapa
na kukiweka pale; neno ililoanza nalo kazi.
Ila huku kwetu, usiku fulani, bila hodi,
wenyewe walikuwa wamelipa nakili toleo jipya,
herufi zilezile, muhuri mwingine,
na mashine yangu, kwa wepesi wake,
ikaugonga muhuri mpya bila kuniuliza.

"Si mnunue nyingine?" nikasema.
Bi Mwantumu hakuinua macho daftarini.
"Korona ile pale inatuzidi umri mimi na wewe
tukiunganishwa. Inakula mkonge kila siku.
Meno yakiisha, tunachonga meno.
Hatuchongi korona."

Nikarudi Ngamiani na aibu mfukoni mwa shati.

Nikatafuta maktaba za miaka ile,
zilizoandikwa mlangoni: hazitunzwi tena.
Nikazipangia chumba ndani ya mashine mpya,
nikafunga madirisha, nikaiambia:
humu ni zamani. Usichungulie nje.
Nikayafuta maneno ya mkato niliyoyazoea,
matamu, ya juzijuzi;
kila nililolifuta nililipia mistari mitatu.

Saa nane za usiku akanijia Mwalimu Kihiyo,
darasa la sita, Chuda, na kalamu yake nyekundu
pembeni mwa kila ubeti wangu:
"Saba. Nataka nane."
Nilimchukia mwaka mzima.

Nashuka ngazi za kale, neno kwa neno gizani,
naacha hili na lile, lisojulika zamani,
nabaki na lilelile, la kutosha mizanini:
silabi nane ni nane, hazitaki la zaidi.

Wala haikudhalika, mpya kuwa na adabu,
nguvu zote yazishika, yatoa kwa taratibu,
ya jana ikitamka, leo iketi karibu:
silabi nane ni nane, hazitaki la zaidi.

(Usiku ule sikuandika hivyo. Usiku ule
nilitukana, nikanywa maji, nikajenga upya.
Ikaanguka mara tatu kwenye mashine ya kubuni
kabla sijathubutu kuipeleka kwenye ya kweli.)

Ijumaa. Pongwe. Nikachomeka.
Kioo kikawaza muda mrefu,
nje korona ikatafuna, ikatema maji ya kijani.
Kisha printa ya pini ikaanza kulia:
uzito, 248. Unyevu, 11.

Bi Mwantumu akaing'oa karatasi, akavaa miwani.
"Siku tatu," akasema. "Kwa safu moja."
Nikamwambia, safu ilichukua robo saa.
Zilizobaki zilikwenda kwenye neno nakili.
Akaniangalia kama anayepima robota lililolowa.

Halafu akavuta daftari,
akailamba ncha ya penseli,
akanakili kwa mkono.